Kipepeo Kimelala

Daktari Faki alichora juu ya bahasha ya dawa
mbawa mbili na kiwiliwili chembamba,
kisha akaielekeza kalamu kooni pangu:
"Kipepeo huyu, Bi Riziki, amelala."
Mimi nikasikia *kimelala*.
Nikakiona kile cha ukindu, cha mpini uliozongwa kitambaa,
kinachoning'inia msumarini jikoni kwangu Mtambwe,
na chini yake jiko, majivu matupu.

Damu yangu ilishapanda boti kwenda Unguja,
ikafika mjini mwaka ambao mimi sikufika hata Chake.
Ikarudi na karatasi yenye namba mbili,
moja juu mno, moja chini mno.
Nikaifunga pembeni mwa kanga, kama nauli.

Kumbe si uvivu.
Sema tena, daktari, sema kwa nguvu,
mama mkwe yuko hapo nje kwenye benchi:
si uvivu.

Maana Kaskazi imepamba moto, kuta zinatoka jasho,
na mimi nimejifunika blanketi la mtoto.
Maana nyusi zangu zinaishia katikati ya safari.
Maana nimekula kipande cha muhogo na dagaa watatu,
na mizani ya kliniki imeninyooshea kidole
kama shangazi wa bwana harusi:
themanini na sita.

Miaka kumi na mitano nimelima mwani,
kamba, vigingi, maji chumvi mpaka kiunoni.
"Mwani wenyewe ndio dawa ya tezi," kasema Mize.
Na tezi langu likasinzia humo humo majini!
Nilicheka, nikalia,
vyote kwa sauti moja,
kwani sauti nayo ilikuwa imenenepa.

Kila mwenye mdomo alinipa cha kuchochea.
Mize, tangawizi na ndimu kabla ya jua.
Wifi Time, habasoda, punje saba, na nia.
Kijana wa duka la simu, ambaye sikumuuliza:
pilipili kwa wingi, usile usiku, ruka kamba.
Nikaruka kamba uani. Kuku wakatawanyika,
magoti yakaniuliza nimeyakosea nini.
Pepea, wakasema. Pepea zaidi!
Nani kati yetu asiyejua kupepea?
Lakini makaa yakilowa
utapepea mpaka bega liteguke,
utakachopata ni moshi na macho mekundu.

Sasa n'na kidonge.
Cheupe, kidogo kama punje ya mtama,
hakina ladha, hakina maneno.
Namezea maji matupu baada ya sala ya alfajiri,
kisha saa nzima chai ya maziwa inanitazama
nami naitazama.
Ramadhani, kasema, tutakihamishia usiku,
tumbo likishatulia. Ila usikiruke.

Nilitaka aniambie: mwezi huu utapungua.
Akaniambia: wiki sita, halafu tupime damu tena.
Akaniambia kilo chache zitaondoka zenyewe, zile za maji,
zilizobaki zitadai miguu yako na sahani yako.
Hakunidanganya.
Kwa hilo nilimchukia siku mbili.

Leo wiki ya saba.
Themanini na nne na nusu.
Hapana aliyepiga kigelegele.
Lakini juzi nilikwenda kwa Mize na kurudi
bila kukaa kwenye lile gogo la njiani,
gogo linalojua uzito wangu kuliko mizani.
Na jana usiku, usingizini,
nikalipiga teke blanketi likaanguka sakafuni.

Salwa akashtuka gizani.
"Mama, unaumwa?"
Akanishika shingo, kiganja chake kikateleza.
Jasho.

Nasikia joto, nikamwambia.
Nasikia joto, mwanangu.
Nenda jikoni, hapo msumarini,
niletee kipepeo.